Chumba cha Nyuma ya Mashine

Wanawake wa vijiji vitatu walimwita Bi Foleni. Alijua, na hakuwahi kuonyesha kwamba anajua, maana jina lilimkaa. Katika miaka ishirini na mbili ya kusaga nafaka, hakuna aliyemwona akimpitisha mtu mbele ya mwenzake. Siku mama mkwe wake mwenyewe alipokuja na ndoo na kusimama karibu na mashine akingoja heshima yake, Bi Foleni alimsalimia kwa adabu zote, akampa kigoda, kisha akamwonyesha mwisho wa foleni. Mama mkwe alikaa. Wanasema alinuna mpaka mavuno yaliyofuata.

Mashine aliachiwa na mumewe. Marehemu alipozikwa, ndugu walidhani ataiuza, kwa sababu injini ile ya dizeli ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono wa chuma, na mwanamke, walisema, angeteguka bega. Hakuteguka. Alijifunza mashine kwa masikio, kama mzazi anavyojifunza kilio cha mtoto mchanga. Mkanda ukianza kulegea alisikia kabla haujateleza. Chekeche likitoboka alisikia kabla unga haujaonyesha. Angeweza kuwa uani anaanika nguo, ghafla akaweka beseni chini na kusema, "Kuna jiwe limeingia," na kweli jiwe lilikuwa limeingia.

Masikio hayo hayo ndiyo yaliyokosa kusikia siku aliyokuja mke wa seremala.

Ilikuwa Alhamisi, foleni imefika hadi barabarani. Mke wa seremala alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, ambaye salamu yake ilibidi uisogelee ili uisikie. Zamu yake ilipofika aliinua ndoo, na ndani ya ndoo hakukuwa na mahindi. Kulikuwa na unga.

"Naomba unirudie kuusaga, mama," alisema. "Bado una chenga."

Bi Foleni akachovya vidole, akausugua unga kwa kidole gumba. "Huu nimeusaga mwenyewe juzi. Hauna chenga hata moja."

"Unirudie tu. Nitangoja."

"Mwanangu, unga nao huchoka. Uache upumzike."

Foleni nzima ikacheka. Mke wa seremala naye akacheka, kicheko kifupi cha kumridhisha mwenye nyumba. Kisha akauliza kama anaweza kukaa kidogo kwenye benchi. Bi Foleni hakuwa na ubaya naye, ila benchi lilikuwa la wenye kusaga, na wenye kusaga walikuwa wengi wamesimama juani. Akamwambia hivyo. Yule mwanamke akafunika ndoo yake kwa kitambaa, akajitwisha, akaenda.

Siku ya nane akazikwa. Ilisemwa ameteleza kisimani. Seremala alitengeneza jeneza mwenyewe, na waombolezaji walisifu jinsi alivyojikaza. Alikuwa mtu wa watu, madawati yote ya shule yalitoka mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Bi Foleni aliliangalia lile jeneza na kuona jinsi mbao zilivyoungana, hakuna hata uwazi wa kupita unywele.

Aliyeosha maiti alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mfupi wa kijiji cha jirani aliyefanya kazi ya zahanati maisha yake yote. Baada ya mazishi alimvuta Bi Foleni nyuma ya jiko.

"Yale niliyoyaona mwilini si ya kisima," alisema. "Mengine yalikuwa ya zamani. Yalishaanza kupona."

"Umemwambia nani?"

"Nimeandikisha taarifa kituo cha polisi, wakaniambia nirudi nyumbani, watanifuata. Sasa nakuambia wewe."

Ndipo Bi Foleni akamsimulia habari ya unga. Alisimulia akiangalia chini, kama mtu anayesoma maandishi kwenye vumbi.

"Hakuwa na sababu nyingine ya kutoka nyumbani," alisema nesi. "Mahindi yalikuwa yameshasagwa."

Maneno hayo Bi Foleni aliyabeba. Aliyabeba kwenye kuwasha injini asubuhi na kwenye kuizima jioni. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini walioleta nafaka miezi ile waliona kwamba alikuwa akiwaangalia usoni kwanza, kisha ndoo.

Wazo la kituo lilitoka kwao wawili, na halikuwa gumu kueleza: mahali pamoja, pa vijiji vyote vitatu, ambapo mwanamke mwenye jambo zito nyumbani angeweza kuketi, akasikilizwa, akatafutiwa njia. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, kwa hiyo Bi Foleni alikwenda kwake kama shemeji.

"Mnataka kufundisha wanawake kushitaki waume," alisema mwenyekiti.

"Tunataka chumba, shemeji. Hiyo ofisi ya zamani ya ushirika ina popo tu."

Alikubali, kwa masharti. Walipewa mpaka mwisho wa kiangazi. Kituo kisipotumika, mbolea ya msimu ikija ingewekwa humo.

Wanawake walijitolea kweli. Kutoka kila kijiji walikuja na matofali, chokaa, mikeka, na maneno. Seremala naye alituma ujumbe kwamba atatengeneza mabenchi bure, kwa kumkumbuka marehemu. Bi Foleni alijibu kwamba mabenchi yapo, ingawa hayakuwapo, na baadhi ya watu wakasema anaringa. Mwalimu wa shule aliandika ubao kwa rangi nyekundu: KITUO CHA MSAADA KWA WANAWAKE NA FAMILIA. Herufi zilikuwa kubwa kama viganja, na zilisomeka kutoka kijiweni, ng'ambo ya barabara, walikokaa wanaume.

Nesi alikaa mle Jumanne na Ijumaa, tangu asubuhi. Mkwewe alimleta kwa pikipiki, akamfuata jioni. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya tatu alikuja bibi mmoja kuulizia dawa ya kikohozi.

"Na leo?" Bi Foleni alimwuliza Ijumaa moja.

"Leo nimempata mmoja. Kuku. Ameingia, amezunguka, amenyea mkeka, ametoka. Hakutaka kueleza shida yake."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja, kwa sababu wote wawili walikuwa wamesikia habari mpya. Seremala alikuwa anaoa.

Bibi harusi alikuwa msichana wa ng'ambo ya mto, mrefu, mwenye kicheko cha kuonyesha ufizi. Alipokuja kusaga mara ya kwanza alileta debe zima, na kabla zamu yake haijafika alikuwa ameshafahamiana na nusu ya foleni. Aliwaambia kwamba mumewe amemtengenezea kiti chake peke yake, na kwamba kiti chenyewe ni kizito kuliko yeye.

Mara ya pili alileta nusu debe. Mara ya tatu robo. Halafu akawa anakuja kila baada ya siku mbili na nafaka ya kujaza sufuria ndogo, mtandio umevutwa mpaka shavuni, na kama angecheka alicheka akiwa ameangalia barabarani. Mtu mwingine asingeona kitu. Bi Foleni aliona mwanamke aliyegawanya debe moja ili apate safari nne.

Mashine ikinguruma, njia ya kusema na mtu ni mdomo kugusa sikio. Bi Foleni alimwinamia.

"Nesi yupo kituoni leo. Ukitoka hapa, pitia."

Msichana alirudi nyuma hatua moja. "Mle? Mama, unataka niuawe?"

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa wifi wa Bi Foleni, mwanamke mnene, mwenye ulimi. Hakusikia aliloambiwa msichana, ila jibu lake alilisoma midomoni.

"Nani aingie mle?" alipaza sauti juu ya mngurumo. "Mlango unatazamana na kijiwe. Ukiingia wanakuona, ukitoka wanakuona. Kabla hujafika kwako mumeo ameshajua umekaa muda gani na umetoka na kamasi au bila kamasi. Na ubao juu, kwa asiyejua. Wifi yangu, mngeweka na tarumbeta."

Wanawake walicheka mpaka unga ukapeperuka. Bi Foleni hakucheka. Alisimama na debe tupu mkononi. Walikuwa wamejenga nyumba ya siri, wakaiandika jina lake mlangoni.

Jumanne iliyofuata hakungoja nesi amalize siku. Alimkuta peke yake na mikeka yake, akamwambia wahamie kwenye mashine.

Nyuma ya chumba cha mashine kulikuwa na chumba kingine, ambako marehemu aliweka mapipa ya mafuta na mikanda chakavu. Kilikuwa na mlango wa kutokea uani, mpana, wa kupitisha mapipa. Bi Foleni alitaka kutoboa ukuta, aweke mlango wa kuingilia kutoka kwenye mashine, na atangaze kwamba sasa nafaka yote itapepetwa mle ndani kabla ya kusagwa, kwa sababu mawe yanaharibu chekeche. Kila mwanamke angeingia na ungo. Mwenye neno angebaki na nesi, asiye na neno angepepeta akatoka, na mtazamaji asingejua nani ni nani.

"Na zile kelele?" nesi aliuliza. "Nitamsikiaje mtu?"

"Utasogea. Sisi tumesogea miaka yote."

"Na foleni yako? Mtu akikaa na mimi nusu saa, zamu ikamkuta huko?"

"Ndoo yake nitaiweka pembeni. Wengine watapita."

"Watapita mbele yake, kisha yeye apite mbele ya wengine."

"Ndiyo."

"Wewe?"

"Mimi."

Alikwenda pia kwa mwenyekiti, akamrudishia ufunguo wa ofisi ya ushirika. Alisema kituo kimeshindwa. Mwenyekiti alifurahi kwa upole, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Alimwambia kwamba mambo ya ndoa yana wenyewe, na kwamba kaka yake, angekuwa hai, asingemwacha ahangaike hivi. Bi Foleni alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Kweli, shemeji," akaondoka. Kijiweni walimsindikiza kwa macho, na mmoja akauliza kwa sauti kama kituo kimehamia ahera. Mbolea iliingia wiki ile ile. Ubao haukuondolewa, hakuna aliyejisumbua.

Fundi mwashi alitoboa ukuta kwa siku mbili. Siku ya kwanza ya kupepeta ndani kulikuwa na ghasia. Ndoo ziliwekwa pembeni, zikarudishwa, zilizochelewa zikatangulia. Wifi mtu alishika kiuno.

"Bi Foleni," alisema, na hii ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kusemwa mbele yake, "leo foleni imekufa?"

"Imekufa, wifi."

"Ilikuwa inaumwa nini?"

"Uzee."

Hakueleza zaidi, na hakukuwa na haja. Wanawake wale hawakuwa wajinga. Walioingia na ungo walimkuta nesi amekaa kwenye pipa lililopinduliwa, na daftari mapajani, na kwa siku chache tu kila mmoja alijua chumba ni cha nini. Hawakulitamka. Walianza wenyewe kusogeza ndoo ya mwenzao aliyechelewa ndani. Aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwachia jirani. Nesi alikuwa akitoka jioni na macho mekundu, akasema ni vumbi la pumba.

Lakini mke mpya wa seremala hakuja. Wiki ya kwanza hakuja, wiki ya pili hakuja. Jumapili Bi Foleni alipita mbele ya karakana, akakuta dirisha la nyumba limefungwa kwa mbao mpya zilizopigwa randa vizuri. Alimsalimia seremala. Seremala aliitika kwa sauti yake ya chini na kumwuliza habari za mashine.

Msichana alikuja Ijumaa ya wiki ya tatu. Mtandio haukuficha kitu tena, jicho moja lilikuwa limefumba. Alikuwa na ndoo ya mahindi, ndogo. Hakumsalimia mtu. Bi Foleni alimpa ungo, naye akaingia.

Muda ulipita. Ndoo za foleni zilisagwa moja baada ya nyingine. Bi Foleni alikuwa anamimina ya tatu kutoka mwisho alipoona baiskeli inaegemezwa nje. Seremala aliingia. Wanaume hawakuwa na desturi ya kuingia pale, na alisimama akipangusa unga kwenye mkono wa shati lake kabla haujamwangukia vizuri.

"Mke wangu yupo?" alimsemea Bi Foleni sikioni.

"Anapepeta."

"Tangu saa tatu?"

"Mahindi yako yana mawe."

Alitabasamu. Hakuondoka. Akaanza kuusogelea ule mlango wa ndani, na Bi Foleni akahamisha kigoda chake, akakaa katikati ya njia, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kinywa cha mashine.

Hapo akasikia. Nafaka ilikuwa inaisha. Mashine ikikosa kitu cha kusaga hupandisha sauti, nyembamba, kisha ni lazima uizime, vinginevyo nyundo za ndani, zinazoponda nafaka, zinajigonga zenyewe. Na ikizimwa tu, mle ndani patasikika. Alijua kinachosikika, kwa sababu dakika chache kabla, akiwa ameupa mlango mgongo, alihisi kwenye mbao za mlango mtetemo ambao haukuwa wa mashine. Msichana alikuwa analia kwa mwili wote.

Ndoo iliyofuata ilikuwa ya mtama. Mwenye ndoo hakungoja mfuko wa unga ubadilishwe. Alimimina juu ya mahindi ya mwenzake. Bi Foleni alimwangalia. Kuchanganya nafaka za watu wawili ni kosa ambalo lingeweza kuvunja ukoo, na hakuwa amelifanya hata mara moja. Nyuma ya yule akaja wifi mtu na ulezi wake, akamimina. Waliokwisha kusaga hawakuwa na kitu, lakini aliyekuwa amefika sasa hivi alitua debe lake la mahindi kichwani na kulimwaga lote, akasimama akitazama mbele. Mashine ilipokea yote, ikanguruma, na unga ukatoka wa rangi ambayo haina jina.

"Seremala," wifi mtu alipaza sauti, "karibu mwisho wa foleni. Au umekuja kusagwa wewe?"

Wanawake wakacheka. Vumbi lilikuwa limejaa chumba chote, na nyusi za seremala zimekuwa nyeupe. Alikohoa. Alitoka nje apate hewa, akasimama mlangoni, uso ukiwa kwenye barabara.

Bi Foleni alisaga mpaka punje ya mwisho. Kisha akaegemea mlango, akahisi mtetemo wa mashine peke yake, akazima.

Seremala aliingia haraka, akampita, akausukuma mlango. Ndani kulikuwa na pipa lililopinduliwa, ungo, na ndoo ya mahindi yaliyopepetwa safi. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

"Yuko wapi?"

"Ametangulia," alisema Bi Foleni. "Nesi yuko naye. Wamekwenda kwa pikipiki ya mkwewe iliyokuwa uani, mjini kwanza, kwa daktari, halafu kwao. Huko mjini kuna mwanamke mkuu wa polisi, na wiki hii nesi amempelekea majina. La marehemu mke wako limo."

Hakupaza sauti, kwa kuwa hapakuwa na haja. Seremala aliangalia wanawake, mmoja mmoja, kama anayetafuta atakayeinamisha macho. Walikuwa weupe wote kwa unga, na ilikuwa vigumu kumtambua yeyote. Akachukua baiskeli yake. Hakuelekea mjini. Alielekea nyumbani.

Walibaki na mfuko mkubwa uliochanganyika. Bi Foleni aliuinamia.

"Nani alimwaga nini? Semeni niwagawie."

Wakatazamana.

"Gawa tu, mama," alisema yule wa mtama.

Aligawa kwa jicho, bila kupima, mikono ikimwia mizito. Kila mmoja alifunika ndoo yake, akaenda kupika.

Mahindi ya msichana yalibaki pembeni wiki nzima. Ijumaa iliyofuata alikuja kuyachukua mwanamke mgeni, mrefu, mwenye vumbi la safari miguuni. Alisema yeye ni mama yake. Bi Foleni alimpa maji, kisha kigoda.

"Hajambo?"

"Analala," alisema yule mama. "Anakula kidogo, analala. Nesi anasema tumwache alale."

"Mwache alale. Nikusagie?"

"Nisagie," alisema, akasogeza ndoo.